Kati ya mstari na mstari

Faili la mdogo wangu liliingia saa nne usiku likiwa na ujumbe mfupi: "Dada, naomba uniwekee sawa nafasi tu. Maneno yameshapitishwa." Ilikuwa tasnifu ya kurasa 84. Msimamizi wake alikuwa ameirudisha kwa sharti moja, kwamba mistari yote iwe na nafasi moja na nusu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kijana alikuwa amehangaika nayo tangu asubuhi. Akirekebisha sura ya kwanza, vichwa vya sura ya pili vinahama. Akivirudisha mahali pake, jedwali linakatika, nusu huku nusu kule.

Sikusoma hata sentensi moja. Nilibonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, ambavyo katika Word hufichua alama zilizofichwa machoni, na hapo hapo nikaona chanzo cha balaa lote. Vialama vya ¶ vilikuwa vimejipanga wima ukingoni mwa kushoto kama siafu: vitatu juu ya kila kichwa, viwili chini yake, kumi na kitu mfululizo kabla ya kila sura mpya ili kuisukuma ianze ukurasa wake. Kila kialama ni mara moja aliyogonga Enter. Alikuwa ameijaza tasnifu nzima hewa kwa kidole.

Nimepokea mafaili ya watu kwa miaka mingi sasa. Ya wanafunzi, ya waandishi wa ripoti, ya wenye miswada ya hadithi. Karibu wote husema hivyo hivyo: nafasi tu. Hilo "tu" ndilo lililonikalisha niandike, kwa sababu naamini nafasi iliyo kati ya mstari na mstari ni sehemu ya maandishi kama ilivyo nukta na mkato, na anayeandika anapaswa kuiamua mwenyewe badala ya kuwaachia waliotengeneza programu.

Nianze na zile siafu. Katika programu ya kuandikia, kipande cha msingi ni aya, na alama ya ¶ ndiyo inayoifunga. Alama hiyo hubeba maagizo yote ya aya yake: mistari iachane kiasi gani, kuwe na uwazi gani juu yake na chini yake, ijipange kushoto au katikati. Kwa hiyo ukigonga Enter mara mbili ili kuacha pengo, hujaacha pengo. Umeandika aya nyingine isiyo na neno ndani yake. Ina fonti, ina ukubwa, ina kimo cha mstari, na itatii kila amri utakayoipa hati nzima. Ndiyo maana mdogo wangu alipochagua maandishi yote na kuyapa nafasi moja na nusu, mapengo yake nayo yalivimba kwa nusu. Yale kumi na kitu yaliyokuwa yakisukuma sura mpya yakawa yanaisukuma hadi katikati ya ukurasa unaofuata.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni kwa sababu hawalisikii. Msomaji asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hizo zikifika kwenye aya tupu humtangazia kwamba hapa ni patupu. Aya tupu saba mfululizo ni tangazo mara saba. Mtu anasubiri sura ya pili ianze, na anachosikia ni patupu, patupu, patupu.

Kuzifagia ni kazi ya dakika chache. Kwenye dirisha la kutafuta na kubadilisha la Word unaandika ^p^p upande wa kutafuta na ^p upande wa kubadilisha, yaani kila penye alama mbili zilizofuatana iwekwe moja, kisha unarudia mpaka programu ikuambie haijapata kitu tena. Ila usibofye kabla hujapitia hati kwa macho. Katika sura ya tatu ya ile tasnifu kulikuwa na shairi lililonukuliwa, na beti zake zilitenganishwa kwa Enter vilevile. Ningefagia bila kuangalia, shairi lingekuwa rundo moja la mishororo. Nililiweka kando kwanza, nikafagia, halafu nikaupa mshororo wa mwisho wa kila ubeti uwazi wake chini. Mishororo ya ndani ya ubeti huunganishwa kwa Shift na Enter, ambayo hushusha mstari bila kufunga aya.

Pengo la haki huwekwa ndani ya mtindo (Word huuita Style), yaani maagizo yaliyowekwa pamoja kwa jina moja na kufuatwa na kila aya ya aina hiyo. Nilifungua mtindo wa vichwa nikaupa pointi 18 juu na 6 chini, pointi zikiwa kipimo kile kile cha ukubwa wa herufi. Nikafungua mtindo wa maandishi ya kawaida nikaupa moja na nusu. Nikaagiza vichwa vya sura vianze ukurasa mpya vyenyewe. Ilipofika saa tano na nusu tasnifu ilikuwa imetulia, na ungeweza kubadilisha ukubwa wa herufi utakavyo bila kichwa hata kimoja kupotea njia.

Zile namba 18 na 6 sikuziokota tu. Kichwa ni cha maneno yaliyo chini yake. Kikielea katikati, umbali sawa juu na chini, jicho haliambiwi ni cha nani. Kikisogea chini na kuacha uwazi mkubwa juu, msomaji anajua bila kufikiri kwamba jambo la nyuma limekwisha na jipya linaanza. Nadhani hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii: vitu vilivyo karibu husomwa kama ndugu. Maneno ya mstari mmoja yawe karibu kuliko mstari na mstari. Mistari ya aya moja iwe karibu kuliko aya na aya. Ukishaushika mpangilio huo, namba zenyewe utazipata kwa kujaribu.

Mimi nafasi nilianza kuisikia kabla ya kuiona. Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa, na taipureta yake ilikuwa na kijiti kidogo upande wa kushoto, karibu na roli la mpira linaloshika karatasi. Kijiti kile kilikuwa na vituo vitatu: 1, 1½ na 2. Kikiwa kwenye 1, roli lilizunguka kidogo kila alipomaliza mstari, likatoa mlio mmoja mkavu. Kwenye 2 mlio ulikuwa mrefu zaidi, kama meno mawili ya gurudumu yanapita badala ya moja. Nikiwa chumba cha pili niliweza kujua anapiga barua au anapiga rasimu. Barua zilikuwa na nafasi moja. Rasimu zilikuwa na nafasi mbili, maana rasimu ilikuwa inakwenda kwa mtu mwenye kalamu, na mtu mwenye kalamu anahitaji mahali pa kuandika.

Taipureta ya kawaida iliingiza mistari 6 katika inchi moja ukiwa kwenye nafasi moja, na 3 ukiwa kwenye nafasi mbili. Hapakuwa na ubishi. Gurudumu lilikuwa la chuma na meno yake yalikuwa yamehesabiwa kiwandani. Maneno "nafasi moja" na "nafasi mbili" tuliyarithi kutoka kwenye kijiti kile, tukayaingiza kwenye kompyuta, na hapo ndipo yalipoanza kutudanganya.

Ukichagua nafasi moja kwenye Word, hupati kimo sawa na ukubwa wa herufi. Unapata kile alichokitaka mchoraji wa fonti. Ndani ya kila faili la fonti kuna vipimo vinavyosema herufi ndefu kama l na k zipande hadi wapi, mikia ya g na y ishuke hadi wapi, na pengine uwazi kidogo wa nyongeza. Programu hujumlisha vipimo hivyo na kuviita mstari mmoja. Times New Roman hutoka takriban 1.15 ya ukubwa wa herufi, kwa hiyo herufi za pointi 12 kwenye nafasi moja hukaa kwenye mstari wa pointi 13.8. Calibri hufika takriban 1.22. Fonti mbili, ukubwa mmoja, agizo moja, na kurasa hazilingani.

Sasa fanya hesabu ya nafasi mbili, kwa kuwa hapo ndipo watu hugombana na wasimamizi wao. Inchi moja ina pointi 72. Taipureta ya mistari 3 kwa inchi iliupa kila mstari pointi 24. Times New Roman ya 12 kwenye nafasi mbili ya Word inaupa 27.6. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.54 kila upande, mstari wa pointi 24 unaingia mara 29, na ule wa 27.6 mara 25. Mistari minne kwa kila ukurasa! Ukiwa na Calibri ya 12 unabaki na 23. Mtu aliyeagiza "kurasa 20, nafasi mbili" hajui ameagiza maneno mangapi mpaka ataje fonti, na ninaomba kila anayetunga maagizo ya namna hiyo aandike idadi ya maneno. Ni haki kwa anayeandika na ni nafuu kwa anayesahihisha.

Halafu kuna zile namba za ajabu ambazo hakuna aliyeziomba. Hadi Word ya 2003 hati mpya ilifunguka na Times New Roman, nafasi moja, bila uwazi wowote baada ya aya. Ikaja Word ya 2007 na Calibri ya 11, nafasi ya 1.15 na pointi 10 baada ya kila aya. Word ya 2013 ikashusha hadi 1.08 na pointi 8. Google Docs nayo hufunguka na 1.15. Sisemi kwamba ni namba mbaya. Kwa kusoma kwenye skrini, 1.15 ilikuwa hatua nzuri kutoka kwenye mistari iliyobanana ya zamani. Shida ni kwamba hati moja hukusanya vipande kutoka kila mahali: aya ya mwaka huu, utangulizi ulionakiliwa kutoka ripoti ya zamani, nukuu iliyochukuliwa kwenye tovuti na kuja na vipimo vyake. Ukitazama kwa haraka huoni. Ukichapisha, ukurasa mmoja unaonekana mweusi kuliko mwingine, na msomaji anahisi kitu bila kujua ni nini.

Ninapopokea hati ya namna hiyo huchagua yote na kubonyeza Ctrl na Q, ambavyo katika Word huondoa maagizo ya aya yaliyobandikwa kwa mkono na kuirudisha aya kwenye mtindo wake. Na ninapobandika kitu kutoka tovuti huchagua kubandika maneno peke yake. Njia za mkato za Ctrl na 1, Ctrl na 2, Ctrl na 5 hutoa nafasi moja, mbili, na moja na nusu, kwenye Word. Ni tamu, nami huzitumia kwa ukurasa mmoja wa barua. Kwa hati ndefu naziogopa, kwa kuwa hubandika agizo juu ya aya na kuuacha mtindo ulivyokuwa, na aya utakayoisahau haitakupigia kelele.

Kabla ya taipureta kulikuwa na risasi, nayo haikuwa ya bunduki. Herufi za matbaa zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, zikapangwa moja moja kwa mkono, na mpangaji alipotaka mistari iachane alichomeka vipande vyembamba vya risasi kati yake. Uwazi ulikuwa kitu cha kushika. Ulikuwa na uzito, ulihifadhiwa kwenye visanduku, uliisha ukalazimika kutafutwa. Ninapobadilisha 14 kuwa 15 kwenye dirisha dogo la kompyuta, hukumbuka kwamba kuna mtu aliyefanya badiliko hilo hilo kwa kuchomeka chuma mstari baada ya mstari, ukurasa mzima.

Na uamuzi wenyewe ni wa tangu mwanzo kabisa. Biblia aliyoichapa Gutenberg huko Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, hujulikana kama Biblia ya mistari 42. Lakini kurasa zake za mwanzo zina mistari 40. Kisha inaonekana 41, kisha 42. Kimo cha eneo lililochapwa hakikuongezeka. Mistari ndiyo iliyosogezwa karibu, ili maneno mengi yaingie kwenye ukurasa ule ule na karatasi ipungue. Katikati ya kazi kubwa kiasi kile, mtu alisimama akatazama ukurasa na kusema tubane kidogo. Mimi humwona kama mwenzangu.

Ila sibani kama alivyobana yeye. Yeye alikuwa anaokoa karatasi na ngozi. Anayenitumia hati iliyobanwa hadi 0.9 ili itoshee kurasa mbili anaokoa sentensi ambazo hakutaka kuzikata. Humrudishia na kumwonyesha sentensi zipi zinaweza kuondoka. Mara nyingi hukubali, na hati huwa bora kwa njia zote mbili.

Katika orodha ya Word kuna chaguo mawili ambayo watu huyachanganya, na moja limewahi kuniletea fedheha. At least huweka kimo cha chini kabisa cha mstari: kikiingia kitu kirefu, mstari unakua. Exactly huweka kimo kisichobadilika: mstari haukui kwa lolote. Nilikuwa nimeiandaa ripoti yenye picha, nikaipa Exactly pointi 15 ili kurasa zote ziwe na mistari inayolingana, nikaituma bila kuipitia hadi mwisho. Asubuhi aliyeipokea akanipigia kuuliza picha zimekwenda wapi. Zilikuwepo. Picha iliyokaa ndani ya mstari huhesabiwa kama herufi moja kubwa, na mstari wa pointi 15 huonyesha ukanda wa pointi 15 tu wa picha hiyo. Chini ya kila maelezo ya picha kulikuwa na utepe mwembamba wa rangi, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Nikazipa aya za picha nafasi ya kawaida na zote zikarudi.

Hata hivyo Exactly bado naipenda, na nitakuambia kwa nini. Kwenye chaguo mengine, programu hutazama kitu kirefu kuliko vyote katika mstari na kuupa mstari kimo chake. Weka alama moja ya hesabu, au neno moja la hati ya Kiarabu katikati ya sentensi ya Kiswahili, na mstari huo peke yake utainuka huku wenzake wamebaki chini. Ukurasa unakuwa kama ngazi yenye daraja moja lililokosewa. Exactly huzuia hilo, mradi uipe kimo cha kutosha ili vichwa vya herufi visikatwe.

Nalo suala la kutosha hutegemea lugha. Herufi zetu za Kiswahili hazivai kitu kichwani. Hata king'ong'o tunakiandika kwa kialama kisichopanda juu ya herufi ndefu. Mwandishi wa Kivietinamu ana herufi kama ế, yenye alama mbili zilizobebana, na mtu wa hati ya Kiarabu ana nukta na irabu juu na chini ya mstari. Kimo kinachomtosha mmoja kitamkata mwingine. Ukitafsiri hati, usibebe vipimo vya lugha ya kwanza bila kuvitazama upya.

Hadi hapa nimesema habari za programu, lakini anayetumika ni jicho. Jicho halitelezi juu ya mstari kama kidole. Linaruka na kutua, linaruka na kutua, na likifika mwisho hufanya mruko mmoja mrefu kurudi kushoto na kushuka daraja moja. Msomaji hupotea kwenye mruko huo: anasoma mstari ule ule mara ya pili, au anaruka mmoja. Kadiri mstari unavyokuwa mrefu ndivyo safari ya kurudi inavyokuwa ndefu, na ndivyo mistari inavyohitaji kuachana zaidi ili jicho litofautishe wa kwenda nao. Kitabu cha kawaida huwa na herufi 60 hadi 70 kwa mstari. Karatasi ya A4 yenye pambizo zile za 2.54 na herufi za pointi 11 au 12 hufika 80, hata 90. Ndiyo maana nafasi inayopendeza kitabuni hubana kwenye ripoti. Ukipanua pambizo za ripoti, unaweza kupunguza nafasi. Mambo hayo mawili ni mapacha, na kumrekebisha mmoja bila kumtazama mwenzake ni kazi nusu.

Shangazi amestaafu zamani, na macho yake hayako kama yalivyokuwa. Siku moja nilimkuta anasoma barua ndefu ya kuchapwa huku ameweka rula chini ya mstari, akiishusha kidogo kidogo. Nilidhani ni mazoea ya kazi. Akasema, "Mwanangu, nikiiondoa, mistari inaingiliana." Barua ilikuwa ya Calibri ya 11, nafasi moja, pambizo nyembamba. Nilikuwa na nakala yake kwenye kompyuta, kwa hiyo nikaichapisha upya kwa pointi 14 na nafasi moja na nusu, nikampa bila kusema neno. Alisoma ukurasa wa kwanza na rula mkononi. Wa pili, rula ilikuwa mezani.

Baadaye nilikuta kwamba wanaotunga viwango vya tovuti wamelifikiria jambo hilo kwa namba. Viwango vya W3C vya kuwawezesha watu wote kusoma, toleo la 2.1 la Juni 2018, vinataka ukurasa wa tovuti usivurugike msomaji mwenyewe anapopanua mistari hadi mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, na uwazi baada ya aya hadi mara 2. Ninachokipenda hapo ni neno "mwenyewe". Hati ya Word unayomtumia mtu inaweza kumpa uhuru huo huo, mradi umeijenga kwa mitindo. Akitaka 1.8 abadilishe mahali pamoja na hati yote imfuate. Iliyojengwa kwa Enter humnyima.

Kuna wanaonisikia nikisema haya wakadhani napigania uwazi mwingi. La. Nafasi mbili kwa hati ya kusomwa tu siipendi. Miongozo ya kitaaluma ya APA na MLA huidai, na kwa kazi itakayosahihishwa wana sababu ile ile ya kalamu ya zamani. Lakini nikishika ripoti iliyokwisha, iliyochapishwa kwa ajili ya kugawiwa watu, na mistari imeachana hivyo, aya hupoteza umbo lake. Kila mstari unasimama peke yake na mawazo yanalegea. Kwa herufi za pointi 11 zenye vijimkia kwenye ncha zake, kama za Times New Roman, kwenye mstari usiozidi herufi 70, hutumia kimo cha pointi 15. Kwenye A4 iliyojaa huenda hadi 16 au 17. Programu za kupanga vitabu kama InDesign huanza na asilimia 120 ya ukubwa wa herufi, yaani 12 kwa herufi za 10, na kwa fonti nyingi mimi huiona finyu kidogo. Hayo ni macho yangu. Chapisha ukurasa mmoja, uweke umbali wa kawaida wa kusomea, usome kwa sauti. Ukijikwaa mwanzoni mwa mistari, ongeza pointi moja.

Tasnifu ya mdogo wangu ilipita. Siku aliyoleta nakala, Shangazi aliomba naye aisome, maana ni kazi ya mtoto wa kaka yake, na mimi nikamchapishia ya kwake, pointi 14, kurasa zikazidi mia. Alikaa nayo wiki nzima. Iliporudi ilikuwa na penseli kati ya mistari, mwandiko wake ule wa kulala kulia: ukurasa wa 31 neno lililokosa silabi, wa 58 jina lililoandikwa kwa namna mbili, wa 90 swali refu lililojaza uwazi wote hadi pambizoni. Makosa yale mawili nilikuwa nimeyapita mimi, msimamizi na mwandishi mwenyewe. Nilimpelekea mdogo wangu picha ya zile kurasa. Akajibu, "Dada, mwambie swali la ukurasa wa 90 nalijibu kesho, nakuja mwenyewe."